Askofu Asiye na Jirani

Mwaka 374, mjini Milano, gavana alikuwa na kazi moja tu: kuhakikisha uchaguzi wa askofu hauishii kwa watu kutoana damu. Askofu wa zamani, Auxentius, alikuwa amefariki. Waumini walikuwa wamegawanyika kambi mbili juu ya fundisho la Utatu, na kila kambi ilikuwa imejaza watu wake kanisani. Gavana akaingia, akasema maneno ya kutuliza. Paulino, aliyekuwa karani wake na ambaye baadaye aliandika habari za maisha yake, anasimulia kwamba sauti ya mtoto ilipaa juu ya zogo ikimtaja gavana mwenyewe kuwa ndiye askofu, na umati mzima ukaidaka.

Gavana huyo aliitwa Ambrosi, na hakuwa hata amebatizwa.

Vituko vilivyofuata vinachekesha. Kwa simulizi ya Paulino, Ambrosi alikwenda kwenye baraza lake la hukumu akaamuru watu wateswe, kinyume cha kawaida yake, ili aonekane katili. Umati haukuyumba. Akawaita makahaba waingie nyumbani kwake hadharani, kila mtu aone. Umati ukajibu kwamba dhambi hiyo wataibeba wao. Akatoroka usiku, kulipokucha akajikuta bado yuko kwenye lango la mji. Mwishowe akabatizwa, na siku ya nane akawekwa wakfu. Leo anahesabiwa miongoni mwa walimu wakuu wa Kanisa.

Ukitazama vizuri, mtu huyu alikuwa ameichukua orodha ya sifa za askofu akaipitia kipengele kwa kipengele, akitafuta cha kuvunja. Askofu asiwe mpiga watu: akapigisha watu. Awe na jina jema: akalipaka matope. Kipo pia kipengele ambacho hakuwa na haja ya kukivunja kwa kuwa kilikuwa kimeshavunjika chenyewe, nacho ni kile kinachokataza kumpa cheo mtu aliyeongoka juzijuzi.

Orodha yenyewe imo katika Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya tatu, na nduguye imo katika Waraka kwa Tito, sura ya kwanza. Timotheo alikuwa Efeso, Tito alikuwa Krete, wote wawili wakikabiliwa na swali ambalo kila usharika mchanga hukutana nalo: nani ashike uongozi? Wapo wataalamu wanaoamini kwamba Paulo aliziandika nyaraka hizo kwa mkono wake, na wapo wanaosema ni mwanafunzi wake wa kizazi kilichofuata. Vyovyote iwavyo, sifa zinazotajwa ni zilezile. Kiongozi asiwe na la kushikwa nalo. Awe mume wa mke mmoja, mwenye kiasi, mkarimu kwa wageni, ajuaye kufundisha. Asiwe mlevi wala mgomvi wala mpenda fedha. Nyumba yake iwe na utaratibu na watoto wake wawe na adabu. Na hata wasio waumini wamseme vizuri.

Je, sifa hizo bado zinafanya kazi? Uliza kanisa lolote kuanzia Mombasa hadi Bukavu, jibu litakuja kabla hujamaliza swali: ndiyo, bila shaka, Neno halibadiliki. Ukikaa ukatazama jinsi viongozi wanavyopatikana na wanavyoondolewa, utaona kwamba orodha imebaki ukutani kama kalenda ya mwaka jana. Wanaoitazama hutazama picha tu.

Cha kwanza kinachosahaulika ni jinsi orodha hii ilivyo ya kawaida. Katika karne hiyohiyo ya kwanza, mwandishi wa Kigiriki aitwaye Onasander alitunga kitabu kuhusu ukamanda wa jeshi, na mwanzoni kabisa akaeleza mtu wa kumchagua kuwa jemadari: mwenye kiasi, anayejitawala, asiyependa fedha, hodari wa kusema, ikiwezekana awe baba wa watoto, na awe na jina jema. Yaani sifa za askofu wa Efeso zingeweza kubandikwa kwenye kambi ya askari wa Kirumi na hakuna ambaye angeshangaa.

Humo hamna neno juu ya maono, wala uponyaji, wala upako. Ustadi mmoja tu ndio unaotajwa, kufundisha. Yote yaliyobaki ni mambo ambayo jirani anaweza kuyatolea ushahidi. Anakunywa vipi? Muulize mwenye kilabu. Analipa madeni? Muulize mwenye duka. Ana hasira? Wanasikia wanaoishi ukuta kwa ukuta naye. Makanisa ya wakati ule yalikutana majumbani, watu wachache wakila meza moja, na aliyetaka kuwa mwangalizi wao walikuwa wamemjua tangu kabla hajaota ndevu. Orodha iliandikwa kwa ajili ya watu wanaojuana. Ugumu wake wa leo umelala hapo, kuliko katika maadili yenyewe.

Hata hivyo, mjadala huanzia kitandani. Mume wa mke mmoja maana yake nini? Kwenye mabaraza ya Afrika Mashariki ipo hoja maarufu, na wazee huitoa kwa tabasamu la ushindi: ikiwa askofu aliambiwa awe na mmoja, basi waumini wa kawaida walikuwa na zaidi. Hoja ni tamu, ila ina ufa. Sura mbili mbele, waraka huohuo unapozungumzia wajane wa kusaidiwa na kanisa, unataka mjane awe alikuwa mke wa mume mmoja. Msemo ni uleule, umegeuzwa tu. Na katika Efeso hapakuwa na wanawake wenye waume wawili kwa mpigo. Ndoa za Wagiriki na Warumi zilikuwa za mke mmoja kisheria. Kilichokuwa tele ni talaka, masuria na kuoa upya. Ndiyo maana Wakristo wa karne za mwanzo, Tertuliani wa Karthago miongoni mwao, walikisoma kipengele hiki kuwa kinamzuia mjane aliyeoa tena. Kanuni za Kanisa Katoliki za mwaka 1917 bado zilimhesabu aliyefunga ndoa halali mara mbili kuwa na kizuizi cha kupata daraja. Zile za mwaka 1983 ziliacha kukitaja.

Kanisa hilohilo linamtaka padri wa Kilatini asiwe na mke kabisa, na Mtaguso wa Pili wa Laterano wa mwaka 1139 ulikwisha kutangaza kwamba ndoa ya aliye na daraja kubwa si ndoa. Waprotestanti hupenda kuwachokoza Wakatoliki kwa hilo. Wakatoliki nao huwakumbusha kwamba Paulo mwenyewe hakuwa na mke aliyetajwa popote. Mzaha huo una umri wa miaka 500 na hauonyeshi dalili ya kustaafu.

Afrika ilipoingia kwenye mjadala, kipengele cha askofu kilishushwa hadi kwa muumini. Maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth mwaka 1888 waliamua kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe, akae katika mafundisho mpaka atakapokuwa tayari kuikubali sheria ya Kristo. Wake zake waliweza kubatizwa katika hali fulani. Hebu fikiri boma moja la Ukambani au Ugogo: mama wa kwanza ni Mkristo, mama wa tatu ni Mkristo, watoto wote ni Wakristo, na mzee mwenyewe anasindikiza familia yake hadi mlangoni kisha anarudi kulinda mbuzi. Ilichukua miaka 100 kamili. Mwaka 1988, kwa msukumo mkubwa kutoka Kenya, mkutano wa Lambeth uliruhusu mzee huyo abatizwe pamoja na wake na watoto wake, kwa masharti kwamba haongezi mke mwingine, jamii ya waumini wa mahali pake inaridhia, na hashurutishwi kumfukuza yeyote, kwa sababu ya hasara itakayompata mwanamke anayeachwa. Alibatizwa, ila ukasisi haukufunguliwa. Mpaka wa orodha ulirudishwa mahali pake, kwa kiongozi.

Kwa upande wa wanawake makanisa yamegawanyika, na kila upande una aya zake. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda, aliwapa wanawake watatu daraja la ukasisi mwaka 1983. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania liliamua mwaka 1990 kuwabariki wanawake kuwa wachungaji. Mwaka 2021 Kanisa la Kianglikana Kenya lilipata maaskofu wawili wanawake, Emily Onyango akiwa msaidizi katika dayosisi ya Bondo na Rose Okeno akiongoza Butere. Na Oktoba 2025 Sarah Mullally alipoteuliwa kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, Askofu Mkuu wa Rwanda, Laurent Mbanda, akiwa mwenyekiti wa umoja wa Waanglikana wahafidhina, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupinga. Wanaosema kwamba neno mume linafunga mjadala wanayo haki ya kulisoma hivyo. Ila mwisho wa Waraka kwa Warumi yupo Fibi wa Kenkrea, ambaye Paulo anamwita shemasi wa kanisa lake, kwa neno lilelile la Kigiriki linalotumiwa kwa wanaume. Na wale wanaosisitiza kwamba lazima awe mume, ni wangapi kati yao wamewahi kumkataa mchungaji kwa sababu si mkarimu?

Kipengele cha watoto kimeleta maumivu ambayo hayaandikwi katika kumbukumbu za vikao. Katika sharika nyingi binti wa mzee wa kanisa akipata mimba kabla ya ndoa, baba husimama kando: haruhusiwi kugawa sakramenti, jina lake huondolewa kwenye zamu, na wakati mwingine nyumba nzima huwekwa nje ya meza ya Bwana mpaka itakaporudishwa kundini. Kijana aliyempa mimba, kama ni mtoto wa mtu asiye na cheo, huendelea kuimba kwaya.

Sasa, nyumba inayotajwa katika waraka ilikuwa kitu kipana kuliko familia ya baba, mama na watoto. Nyumba ya mtu wa makamo Efeso ilikuwa na watumwa, vibarua, ndugu wa mbali, karakana, ghala. Kuisimamia kulikuwa kuongoza watu walio chini ya mkono wako na ambao hawana pa kukushtakia. Swali lilikuwa: huyu mtu akiwa na mamlaka juu ya mnyonge, anayatumiaje? Kwa hesabu hiyo, shahidi wa kwanza wa mchungaji wa leo angekuwa dada wa kazi. Anajua analala saa ngapi, ameajiriwa kwa shilingi ngapi, na kama mshahara wa mwezi uliopita umetoka. Hakuna kamati ya uchaguzi inayomwita.

Orodha imewahi pia kugeuzwa rungu. Samuel Ajayi Crowther, Myoruba aliyeokolewa kutoka meli ya watumwa akiwa kijana, aliwekwa wakfu Canterbury mwaka 1864 kuwa askofu wa Kianglikana wa kwanza Mwafrika. Alijenga misheni ya mto Niger kwa kutumia Waafrika watupu. Kufikia mwaka 1890 vijana wa kimisionari kutoka Uingereza walikuwa wamefika na daftari la makosa ya kimaadili ya watenda kazi wake, wakawafukuza mmoja baada ya mwingine. Makosa mengine yalikuwa ya kweli, mengine uvumi tu. Crowther alijiuzulu kwenye kamati ya misheni hiyo, akafariki tarehe 31 Desemba 1891, na nafasi yake ikashikwa na mzungu. Pwani ya Kenya, William Jones na Ishmael Semler, waliokombolewa utumwani na kusomeshwa India, walipewa ushemasi na Askofu James Hannington mwaka 1885. Maaskofu wa kwanza wa Kianglikana Waafrika nchini humo, Festo Olang' na Obadiah Kariuki, walipatikana mwaka 1955. Miaka 70 mizima kanisa lilikuwa likisubiri watu wenye sifa, na anayepima sifa alikuwa mgeni.

Turudi kwa yule aliyeongoka juzi. Mtaguso wa Nisea, mwaka 325, ulilalamika kwamba watu waliotoka upagani wanafundishwa kidogo, wanabatizwa, na papo hapo wanapewa uaskofu au upadri. Ulipiga marufuku. Miaka 49 baadaye ndipo Milano wakamchukua Ambrosi, na ikawa heri. Bahati ya namna hiyo haikuwapata wote waliojaribu kuirudia. Katika mikutano ya injili ya leo ushuhuda ni mtaji. Jambazi aliyeokoka, mganga aliyechoma hirizi zake, msanii aliyeacha jukwaa: wiki hii anatubu, mwezi ujao anashika kipaza sauti, mwakani ana huduma yake na anaitwa nabii. Kadiri dhambi za zamani zilivyokuwa nzito ndivyo viti vinavyojaa. Waraka uliweka sababu yake wazi: mtu wa namna hii atajivuna, na kuvimba kwake kutamwangusha.

Tazama sasa namna makosa yanavyopimwa. Januari 2021 Kanisa la Uganda lilitangaza kumsimamisha huduma askofu mkuu wake aliyestaafu mwaka uliotangulia, kwa sababu ya uzinzi. Uamuzi ulikuwa mzito, na kanisa halikumficha. Lakini ni nadra sana kusikia kwamba mchungaji amesimamishwa kwa kupenda fedha, ilhali kipengele hicho kiko katika sentensi ileile na ulevi. Uzinzi huwa na siku na shahidi. Kupenda fedha huitwa maono ya ujenzi.

Nchini Kenya suala hili limetoka sakristia likaingia barabarani. Septemba 2021, siku ile Rose Okeno alipowekwa wakfu Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa madhabahu. Walikaa, wakasali, hawakupewa kipaza sauti. Novemba 2024 Rais William Ruto alichangia kanisa Katoliki la Soweto, Kayole, na siku iliyofuata Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akaagiza fedha zirudishwe. Machi 2025 rais akatoa shilingi milioni 20 kwa kanisa moja la Roysambu; Jumapili iliyofuata vijana waliandamana hadi karibu na kanisa na polisi wakatumia mabomu ya machozi. Katika orodha ya kale kuna sharti la mwisho, kwamba kiongozi asifiwe na walio nje. Wale vijana wa Roysambu ndio walio nje. Walikuwa wamekuja kutoa ushahidi wao.

Tanzania ina kumbukumbu yake. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja mjini Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kuyakimbilia mafuta ya upako ya mhubiri mmoja. Haukuwa umati wa watu wajinga. Walikuwa wagonjwa, wadaiwa, akina mama wenye watoto. Wengi wao walimjua mhubiri huyo kwa njia ya redio na televisheni. Walijua sauti yake kuliko walivyojua sauti ya balozi wa nyumba kumi, na hawangeweza kusema anaishi mtaa gani. Mhubiri wa aina hii humfikia muumini kupitia skrini, na sadaka humrudia kwa lipa namba. Kati yao hakuna hata mtu mmoja anayeweza kuulizwa: unamfahamu?

Wapo wanaosema hizi ni fujo za makanisa machanga, makanisa makongwe yana taratibu. Novemba 2024 ilipotoka ripoti ya Keith Makin kuhusu Kanisa la England, utetezi huo uliumia vibaya. John Smyth, mwanasheria wa Kiingereza aliyeongoza kambi za vijana wa Kikristo, alikuwa amewachapa wavulana kwa fimbo hadi damu, England kwanza, kisha Zimbabwe alikohamia mwaka 1984, kabla ya kwenda Afrika Kusini. Wahanga wanakadiriwa kuzidi 100. Ripoti ya siri iliandikwa mwaka 1982 na viongozi kadhaa wakaisoma; mtu akaachwa asafiri. Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, alitangaza kujiuzulu kwa sababu ya kushindwa kulifuatilia jambo hilo. Asiwe mpiga watu: kipengele ambacho wahubiri hukiruka kwa kuwa kinaonekana cha kishamba, kana kwamba ni askofu gani angempiga mtu. Na Smyth hakuwa na daraja, kwa hiyo orodha ya askofu haikumhusu kwenye karatasi. Alikuwa na kitu kikubwa kuliko daraja: wazazi walimwamini.

Serikali nazo zimeamua kutoa orodha zao. Januari 2016 Mwanasheria Mkuu wa Kenya, Githu Muigai, alitangaza kanuni zilizowataka viongozi wa dini wawe na vyeti vya theolojia kutoka vyuo vinavyotambuliwa. Makanisa makubwa na madogo yalipinga kwa sauti moja, jambo lisilotokea kila mwaka, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza zirudishwe mezani. Miaka saba baadaye, Aprili 2023, polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilitolewa, ya watu wanaosadikiwa kufunga chakula hadi kufa. Paul Mackenzie, dereva teksi wa zamani aliyeanzisha kanisa lao Malindi, amekana mashtaka dhidi yake. Kikosi kazi kilichoongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi kilikabidhi ripoti yake kwa rais mwaka uliofuata, na mjadala wa sheria ukaanza upya.

Rwanda haikusubiri mjadala. Mapema mwaka 2018 ilifunga makanisa zaidi ya 700 ndani ya Kigali, na Rais Paul Kagame akauliza kwa mshangao kama hivyo vilikuwa visima vya kuwapa watu maji. Sheria ya mwaka huo ilimtaka kiongozi awe na shahada ya masomo ya dini, au shahada nyingine pamoja na cheti cha dini, na ikatoa miaka mitano ya kujiandaa. Ukaguzi wa mwaka 2024 ulifunga nyumba za ibada zaidi ya 5,000, nyingine kwa kukosa vyoo. Kwa kipimo cha Kigali, Petro mvuvi asingeruhusiwa kuhubiri hata kwenye kibanda. Kitabu cha Matendo ya Mitume chenyewe kinasimulia jinsi wakuu wa Yerusalemu walivyoshangaa kuona kwamba yeye na Yohana hawakuwa watu wa shule.

Kicheko hicho kisituzuie kuona serikali inajaribu kufanya nini. Inatafuta mbadala wa jirani. Shakahola ilikuwa msitu. Waumini waliuza walivyokuwa navyo, wakahama vijiji vyao, wakaenda mahali ambapo hapakuwa na mtu wa nje hata mmoja wa kumsifu au kumlaumu kiongozi. Aliyekuwa akiuza mkaa kando ya barabara angeweza kusema jambo, lakini nani alimuuliza? Cheti cha chuo hakiwezi kujibu swali la mwenye duka. Mwenye shahada ya theolojia anaweza kuwa mgomvi, bahili na mpenda fedha, na tasnifu yake ikapata alama A.

Mabaki ya utaratibu wa zamani bado yapo, kwa anayejua pa kuyatafuta. Kabla Roma haijamteua askofu, balozi wa Papa hutuma hojaji ya siri kwa watu wanaomfahamu padri anayefikiriwa: mapadri wenzake, walei, watawa. Frateri anayekaribia daraja hutangazwa parokiani kwake kama wanavyotangazwa wachumba, ili mwenye kujua kizuizi aseme. Waanglikana wamelihifadhi swali hilo ndani ya ibada yenyewe. Askofu husimama mbele ya umati, mtahiniwa akiwa amevaa nyeupe, na kuwauliza watu kama yupo ajuaye kosa au kizuizi chochote kinachomzuia mtu huyu.

Siku hizi umati huo umekuja kwa mabasi. Kuna kwaya tatu zenye sare mpya, kuna mbunge safu ya mbele, kuna wapiga picha waliopiga goti kwenye zulia. Askofu husoma swali, hunyamaza kwa sekunde kadhaa kama kitabu kinavyoelekeza, mtoto hulia nyuma, mzee mmoja hukohoa. Kilomita chache kutoka hapo, nyumbani kwa mtahiniwa, dada wa kazi anageuza pilau ya wageni 300.

Kisha kinanda hulia, na ibada huendelea.